Karatasi ya Pili ya Mzee wa Ubao

Naibu wa chifu aliinua karatasi juu, akaizungusha polepole ili watu wote waione, halafu akaniita mimi. Hakuniita kwa jina.

"Wewe Mkisii. Wewe unajua kusoma. Kuja hapa mbele. Hii ni mkono wa nani?"

Nilitoka katikati ya watu nikaenda. Ilikuwa baraza ya asubuhi, jua tayari kali, uwanja wa kituo cha majani ya chai umejaa watu na vikapu vyao vitupu. Mzee wa Ubao alikuwa amesimama kando ya meza, askari wawili nyuma yake, kofia yake ya sufu ameikunja mkononi. Macho yake wakati huo yalikuwa yameanza kuingia ukungu, lakini angeweza kugeuza uso upande wangu kama angetaka. Hakugeuza. Mimi niliangalia karatasi. Wino wa buluu, herufi zimesimama wima, na ile g yenye mkia mrefu ambayo mwalimu wangu wa darasa la nne alikuwa akiisifu. Wino huo huo ulikuwa bado kwa kidole changu cha kati.

Nikasema, "Ni mkono wa Mzee."

Basi. Ni hayo tu niliyosema. Kuna watu waliofanya makubwa miaka ile, walichoma, walikata, na leo wanaketi viti vya mbele kanisani. Mimi sikuchoma kitu cha mtu. Nilisema maneno manne, na mpaka leo nikipasua kuni peke yangu huwa nayarudia, wakati mwingine kwa sauti, mpaka mke wangu anauliza naongea na nani.

Nimeamua kuandika juu ya huyo mzee kabla nguvu haijaniishia. Mimi si mtu wa vitabu. Niliacha shule darasa la tano. Kama kuna makosa hapa, mtayaosha wenyewe. Hilo neno la kuosha ni lake, na nitaeleza lilitoka wapi.

Jina lake sitalitaja, kwa sababu yeye mwenyewe hakuliandika kwa ubao wake hata siku moja. Sisi tulimwita Mzee wa Ubao. Vijana wa Kipsigis walimwita boiyo, kama wanavyowaita wazee wao wote, na wenye mzaha walimwita Redio. Kazi yake ya zamani ilikuwa kuangalia josho la ng'ombe, na huko ndiko ugonjwa wa kuandika ulimshikia. Pale joshoni kulikuwa na kipande cha ubao mweusi cha kuandikia siku ya kuogesha. Yeye akaona ubao una nafasi imebaki. Akaandika chini yake kwamba ndama wa jirani aliacha kuhara baada ya kunyweshwa maji yaliyochemshwa, yenye chumvi kidogo na sukari. Watu wakaanza kuja joshoni bila ng'ombe, kusoma tu. Josho likafa, dawa haikuletwa tena, shimo likajaa vyura, na yeye akaendelea kuandika. Alinunua daftari, akawa anachana karatasi na kuzibandika kwa ukuta wa kituo cha majani, pale ambapo sisi sote tulikuwa tunangojea lori na chai yetu.

Karatasi zake hazikuwa kama matangazo ya serikali. Matangazo ya serikali yanajua kila kitu. Yeye aliandika hivi: "Kuku wakifa ghafla, usinunue wengine mpaka mwezi uishe. Nimeambiwa na mama mmoja wa soko la Merigi. Sijajaribu." Au hivi: "Mahindi ya njano yalinishinda. Labda ni shamba, labda ni mimi." Na kuna moja, ya miti ya bluugam, ambayo watu walikuwa wanaicheka na bado wanaisoma kila wakipita: "Bluugam inakunywa maji ya kisima. Nilikuwa nabisha. Sasa kisima kimekauka."

Kanuni yake ilikuwa moja, kwamba lazima useme ulikotoa. Ukimletea habari ya dawa ya kupe alikuuliza, "Umeona na macho yako, ama umesikia?" Ukisema umesikia, anauliza umesikia kwa nani. Ukisema kwa watu, anakurudishia. "Watu hana mdomo. Nenda ulete jina ya mtu."

Sitaki mfikiri alikuwa malaika. Alikuwa bahili wa ajabu. Kalamu yake aliifunga kwa uzi na uzi akaufunga kwa kifungo cha koti. Ukitaka kuandika lazima usimame kifua kwa kifua na yeye, unasikia harufu ya ugoro. Alifundisha tarafa nzima kulisha ng'ombe wa maziwa, na ng'ombe wake mwenyewe alikuwa na mbavu ungeweza kuzihesabu ukiwa barabarani. Mkewe, ambaye sote tulimwita Kogo, yaani nyanya, alikuwa akimwambia mbele ya wageni, "Huyu ng'ombe angejua kusoma angekuwa amenona." Na alikuwa mkali. Alichukia mtu asome karatasi zake kwa sauti. Alikuwa anatupa kijiti cha kuni akiwa kwa mlango wa kituo, anapiga kelele, "Soma na macho! Mdomo ni ya kula!" Alisema mmoja akisoma kwa sauti, wengine kumi wanaacha kujifunza kusoma. Wamama wasiojua kusoma walimwogopa kwa hiyo, na haikuwa haki.

Kogo mwenyewe hakujua hata a. Lakini alijua kila karatasi kwa mahali pake. Mtu akija mzee hayuko, Kogo alimwambia, "Ya ndama ni ya tatu kutoka juu, upande wa mlango. Ya kisima ni ile iko na doa ya chai." Hakukosea. Nilikuwa nafikiri anasoma kwa siri.

Mimi nilifika kwao bila kitu. Mwaka uliotangulia baraza ile, nyumba yangu kule mpakani mwa Wakisii na Wakipsigis ilichomwa. Tulilala kifudifudi katikati ya michai, mimi na mke wangu na mtoto wa miezi minne, mke wangu ameweka titi kwa mdomo wa mtoto asilie, na tukaisikia nyumba ikianguka. Sitawataja waliochoma kwa sababu sikuwaona, na mzee alinifundisha kutosema nisichoona. Tulitembea siku mbili. Pale kituoni watu walituangalia wakageuka. Mzee wa Ubao alimaliza kwanza kubandika karatasi yake, akapangusa uji wa gundi kwa suruali, akaniuliza kama najua kuchuna majani. Nikasema najua. Akatupeleka kwa kibanda nyuma ya nyumba yake.

"Hii ilikuwa ya ndama," akasema. "Ndama hakulalamika."

Tulikaa hapo. Nilichuna chai yake na chai ya majirani. Hakuna siku aliniita mgeni. Wengine walikuwa wanamuuliza mbele yangu, kwa lugha yao ambayo nilikuwa nimeanza kuisikia, huyo mtu wake atarudi kwao lini. Alikuwa anajibu kwa Kiswahili ili nisikie: "Akimaliza kunisaidia." Nami nilikuwa sijaanza kumsaidia kitu.

Sasa nifike kwa Sigei. Huyu namtaja kwa sababu nilimwona. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya kituo, mtu wa sauti tamu na mikono safi. Wakati mmoja lori lilikaa siku tatu bila kuja, majani yakaoza kwa magunia. Mzee akaandika: "Jumatatu lori haikuja. Jumanne haikuja. Jumatano ilikuja, majani yamekuwa mboji. Nimeona na macho yangu." Hakuweka hata neno moja la lawama. Kesho yake Sigei alikuja na panga akakwangua karatasi zote za ukuta, ya lori na ya kuku na ya kisima, zote.

"Mzee, ukuta ni wa kituo," akasema kwa ile sauti yake. "Na kituo ni ya kamati."

"Na kamati ni ya nani?" mzee akauliza.

Sigei akacheka tu. Watu wakacheka pia, kwa sababu jibu lilikuwa limesimama mbele yao na panga.

Mzee akahamia ukuta wa kanisa. Huko alikaa miezi michache, mpaka alipobandika karatasi ya fahali, inayosema akipanda ng'ombe mara mbili inatosha, msimchoshe. Mchungaji akamwita kando. "Mzee, kuna wamama wanapita hapa wakienda kuomba."

"Na wao wako na ng'ombe," mzee akasema.

Hiyo ikawa mwisho wa kanisa. Jioni hiyo alikaa kwa kigoda akinyoosha karatasi alizookoa, moja moja, juu ya goti. Akaniambia, "Mimi nimechoka kupangisha karatasi kwa nyumba ya watu. Nataka ubao kwa shamba langu, nguzo yangu, bati yangu. Mtu akikasirika, akasirike akiwa barabarani." Niliona anaongea juu ya karatasi, lakini mimi niliyekuwa nalala kwa nyumba ya ndama wake nilielewa vizuri.

Tulijenga. Nilichimba mashimo mawili kando ya ua wake, upande wa barabara. Tukasimamisha nguzo za bluugam, tukapigilia mbao, tukaweka bati juu na waya wa kuku mbele ili mbuzi wasile. Mlango wa waya ulifungwa na msumari uliopindwa. Ulikuwa ubao mrefu kuliko kitanda. Mzee aliuzunguka mara tatu kama mtu aliyeletewa bibi arusi.

Kazi ngumu ilikuwa kuhamisha karatasi. Zilikuwa ndani ya gunia la mbolea, miaka na miaka ya karatasi, na zilikuwa zimebandikwa na uji wa unga, kwa hiyo panya walikula kila mahali palipokuwa na utamu. Nyingine panga la Sigei lilizipasua katikati. Ilibidi ziandikwe upya. Na macho yake yalikuwa yameanza kumkataa. Akaniona siku moja nikimwandikia mke wangu barua ya kupeleka kwao. Akachukua ile barua akaishika karibu na pua.

"Uko na mkono mzuri hivi na umenyamaza?"

Kuanzia hapo akaniita karani wangu. Kila Jumamosi tukitoka kwa majani alinifungulia ule uzi kutoka kwa kifungo. Sijawahi kuona amempa mtu mwingine hiyo kalamu bila uzi.

Hapa ndipo kuosha kunaingia. Mzee aliandika jinsi alivyosema. Dawa aliandika tawa. Baridi aliandika paridi. Gunia ilikuwa kunia, gari ilikuwa kari, gundi ilikuwa kundi. Mimi nilikuwa nabadilisha ninapoandika upya. Nilipomwonyesha mara ya kwanza nilifikiri atanirushia kijiti. Alicheka mpaka ugoro ukamwagika.

"Haya, osha. Osha yote. Nisimame kwa barabara nikiwa nimeoga."

Basi nikaosha. Na nitasema ukweli, nilipenda sana. Mtu ambaye nyumba yake imechomwa, ambaye watu wanamuuliza atarudi kwao lini, amekaa kwa kivuli anawarekebishia wenyeji maneno. Nilijiona profesa. Kila mahali nilipoona p niliangalia kama si b. Kila mahali nilipoona k niliangalia kama si g. Mwanzoni nilikuwa namuuliza: "Mzee, hapa unamaanisha hivi ama hivi?" Baadaye niliacha kuuliza. Nilijua.

Kogo ndiye aliyelalamika. Karatasi mpya zote zilikuwa nyeupe, zote na mkono mmoja, hazina madoa. Na mimi nilizipanga jinsi zilivyomalizika kuandikwa. Alisimama mbele ya ubao siku ya kwanza kama mtu aliyeingia nyumba ambayo si yake. "Ya ndama imeenda wapi? Ya kisima iko wapi? Mmenipofusha." Akataka tuzirudishe kila moja mahali pake pa zamani. Mimi nikasema ni kazi bure, wanaojua kusoma watazipata. Nilisema hivyo. Mbele ya mzee, na mzee akaniachia niamue.

Kama ningemsikiza Kogo, karatasi ya pili ingekuwa kando ya karatasi ya kwanza.

Huku kwetu mvua ya mawe ni adui wa chai. Inapiga dakika chache na kichaka kinabaki kama kimechapwa na fimbo. Mzee alikuwa ameandika juu ya hiyo karatasi mbili, zamani, kwa ukuta wa kituo. Ya kwanza ilikuwa na kichwa: Mvua ya Mawe, na ikaeleza usikate kichaka kwa hasira, usitie mbolea siku hiyo. Ya pili ilikuwa inaendelea, bila kichwa. Nilinakili ya kwanza Jumamosi moja. Ya pili niliipata kwa gunia majuma mengi baadaye, peke yake. Ilianza: "Komeni kuchuna majani siku kumi na nne. Msiogope mwenye haraka. Baadaye mtashukuru."

Mtu wa kawaida huku angeandika wacheni kuchuna. Lakini mzee alikuwa na ugonjwa mwingine, wa kuokota Kiswahili kigumu kwa redio. Wacheni, alikuwa akisema, ni ya sokoni. Mimi neno komeni sikuwa nalo kichwani. Nilikuwa na gomeni. Nilifanya kazi kwa mashamba makubwa ya chai kabla sijaoa, na huko kugoma nilikujua vizuri. Na msimu ule wakulima wa sehemu za juu walikuwa wananung'unika, wanasema watakaa bila kuchuna mpaka wasikizwe, na serikali ilikuwa imefungua macho. Nikaona ile k. Kalamu ikasimama kidogo. Nikafikiri, kumbe mzee amekuwa jasiri. Alikuwa ameketi hatua tano kutoka kwangu, anachambua maharagwe. Ningeuliza tu. Nikaiosha.

"Gomeni kuchuna majani siku kumi na nne. Msiogope mwenye haraka. Baadaye mtashukuru."

Nikaibandika chini kabisa, mwisho wa ubao, chini ya ile ya lori.

Haikukaa siku nne. Sigei aliinua msumari wa mlango, akaitoa hiyo moja, akaacha zingine, akaipeleka kwa Tonui, naibu wa chifu. Na sasa sikizeni, kwa sababu hapa ndipo ninapomtaja kwa moyo mweupe. Sigei aliijua hiyo karatasi. Mwaka mmoja kabla, mawe yalipiga chai yake, akasimama mbele ya ukuta wa kituo akasoma hizo karatasi mbili, akaacha kuchuna siku kumi na nne, na chai yake ikapona. Alimshukuru mzee mbele yetu, ingawa wakati huo mimi sikujua ni kwa karatasi gani. Alimletea sukari. Alijua vizuri maneno hayo ni ya nini na yanafuata nini. Aliona herufi moja imegeuka, akaona mlango.

Na Tonui alipoitisha baraza, karatasi ya kwanza ilikuwa bado kwa ubao, mwendo wa dakika mbili kutoka pale alipoweka meza yake. Hakutuma mtu aitazame. Alimuuliza mzee, "Wewe ndio umeandika watu wagome?"

Mzee akaomba karatasi. Akaishika karibu na pua, kama alivyoshika barua yangu. Aliisoma mstari kwa mstari. Watu wakaanza kukohoa. Halafu akairudisha na mikono miwili, kwa heshima.

"Ubao ni wangu," akasema. "Kitu iko kwa ubao yangu ni yangu."

"Sijauliza ubao. Nimeuliza mkono."

"Nimekujibu."

Ndipo Tonui akaniita.

Walimchukua mzee hapo hapo. Mchana Sigei alikuja na shoka na vijana wanne. Nguzo za bluugam zilianguka haraka kuliko tulivyozisimamisha. Walikusanya karatasi wakaziwasha barabarani. Kogo alitoka akasimama karibu na moto, amefunga mikono kifuani. Hakulia. Tangu tuhamishe alikuwa ameshajifunza upya mahali pa kila moja, na kijana alipokuwa akizing'oa kutoka juu, Kogo alikuwa anazitaja. "Hiyo ni ya kuku. Hiyo ni ya kisima. Hiyo ni ya ndama, hiyo babako alisoma." Mimi niliona hayo yote kupitia nyufa za kibanda cha ndama. Mke wangu aliniangalia, akaangalia kidole changu, akachukua mtoto akageukia ukuta.

Mzee alirudi baada ya wiki mbili. Mkono wake wa kulia ulikuwa umevimba, na vidole viwili havikukunjika tena. Hakusema walimfanya nini, na mimi, kwa sababu sikuona, siandiki. Aliniuliza tu kama ng'ombe amekula. Kabla ya mwezi kuisha nilidanganya kwamba nimepata shamba la kukodi kule Soin, nikafunga mzigo. Alinipa kuku jike. Akajaribu mzaha: "Karani anahama. Sasa nani ataniosha?" Nikacheka. Mungu wangu, nilicheka.

Nilikaa Soin karibu miaka minne nikilima mahindi kwenye joto, nikijiambia nitakwenda msimu ujao. Miaka ya tisini ilikuwa inaisha nilipomsikia mtu sokoni akisema yule Redio wa kule kwa chai amepofuka kabisa. Nikaenda. Mahali pa ubao palikuwa na mashina mawili ya nguzo, yamechipua majani.

Kogo alinijua kwa mwendo. "Chamgei," akanisalimu. Hakutabasamu, lakini alinipa kigoda. Mzee alikuwa ameketi kwa mlango, koti lile lile, uzi bado unaning'inia kwa kifungo bila kalamu.

"Karani wangu," akasema.

"Boiyo. Nimekuja kusema jambo."

"Ngoja kwanza." Akamwita Kogo amletee mkebe wa maziwa ya unga. Akaingiza mkono wa kushoto, akapapasa, akatoa karatasi imekunjwa mara nne. "Soma."

Nikaifungua. Nikaanza kuisoma kimya, kama alivyotufundisha.

"Na mdomo," akasema. "Siku hizi tunasoma na mdomo."

Ulikuwa mkono wake, ule mbaya, umelala kama majani yaliyopigwa na upepo. Nikasoma: "Komeni kuchuna majani siku kumi na nne." Nikaishia hapo.

"Ilikuwa wapi?" nikauliza.

"Kwa mfuko ya koti. Ulipomaliza kuandika uliiacha chini, nikaiweka."

"Siku ya baraza?"

"Siku ya baraza ilikuwa kwa mfuko."

"Mzee, ungewaonyesha. Ungetoka siku hiyo hiyo."

"Halafu wangeuliza ni nani aligeuza." Akasugua vile vidole viwili. "Mwaka ile, mtu wa kwenu akiitwa mchochezi, angelala wapi? Ulikuwa na mtoto mdogo. Mimi niko kwa shamba yangu. Ubao ni yangu."

Nikaanza kulia. Akaniacha nilie. Kogo aliendelea kuchochea moto.

"Hiyo ya kusema ni mkono yangu, nilicheka ndani," mzee akasema. "Mkono yangu inajulikana mpaka huko Boito kwamba ni mbaya. Lakini nilikungoja, karani. Siku ile nilirudi, nilijua utakuja jioni. Kogo alipika. Kesho yake tena akapika. Nikafikiri anaogopa, atakuja Jumamosi, siku yetu. Jumamosi ukaja kuniaga."

Hakusema amenisamehe, nami sikuthubutu kuuliza. Alinipa ile karatasi akasema niikunje vizuri, isipasuke. Alikufa mvua zilizofuata. Sikuitwa mazishini, na ningeitwa kama nani?

Sasa mimi ndiye niliye na karatasi. Sigei yuko hai, amejenga nyumba ya mawe, anahutubia vijana juu ya uongozi. Tonui amestaafu na anaitwa mzee wa hekima. Nasikia wote wawili husema yalikuwa mambo ya wakati ule, yaliisha. Sigei, hayajaisha. Uliijua ile karatasi, ilikuponyea chai. Tonui, ulikuwa dakika mbili kutoka kwa karatasi ya kwanza na hukutuma hata mtoto. Jibuni. Si kwangu. Simamisheni nguzo mbili pale pale, zile zilizochipua ziko, mwite watu asubuhi, mweke karatasi hii mbele yao na mseme mlikuwa mnajua.

Halafu, Tonui, niite mbele tena. Niite Mkisii, sitakasirika. Inua karatasi uniulize kama siku ile: hii ni mkono wa nani? Niulize mbele ya Kogo, akiwa bado anasikia.